Sanduku la Maswali: /120, Biti 64 na Vifaa Visivyopata Anwani

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja. Katika IPv6, toleo la intaneti lenye anwani za biti 128, kifaa kinapojitungia anwani chenyewe kwa njia ya SLAAC, nani anaamua urefu wa kitambulisho cha kiolesura, yaani ile sehemu ya mwisho ya anwani inayokitofautisha kifaa na jirani zake? Namba iliyo baada ya mkwaju, kama /64, ni idadi ya biti za mwanzo wa anwani zinazotambulisha mtandao, yaani kiambishi awali. Mifano yote hapa inatumia fungu la 2001:db8::/32, lililotengwa kwa mifano tu. Usilihamishie kwenye mtandao wako.

Swali: Ndugu wahariri, nina mtandao wa ofisi wenye vifaa visivyozidi 60. Niliona kutumia /64 nzima ni israfu, nikaweka /120 kwenye radvd, programu inayotuma matangazo ya ruta. Sasa kompyuta zinaiona ruta na njia ya kutokea ipo, lakini hakuna hata moja yenye anwani ya kwenda nje. Zina ile ya fe80 tu, inayotumika ndani ya kiungo kimoja. Kosa liko wapi?

Jibu: Kosa ni hiyo 120. Katika SLAAC ruta haitangazi urefu wa kitambulisho. Inatangaza kiambishi awali na urefu wa kiambishi hicho, basi. Urefu wa kitambulisho kifaa kinaujua tayari, kwa sababu umewekwa na waraka unaohusu aina ya kiungo: kwa Etheneti ni RFC 2464 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti) ya mwaka 1998, nao unasema 64. Wi-Fi inafuata huo huo. Tangazo likifika, kifaa kinajumlisha urefu wa kiambishi na urefu wa kitambulisho. Jumla isipokuwa 128 kamili, RFC 4862 inakitaka kikipuuze kiambishi hicho na kisitunge anwani. Hesabu yako ni 120 + 64 = 184. Kifaa hakitapunguza kitambulisho chake hadi biti 8 ili kikuridhishe, wala hakitakukatia kiambishi. Kitanyamaza.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba ukimya huo ni wa nusu tu. Tangazo la ruta hubeba alama mbili kwa kila kiambishi: A, inayoruhusu kifaa kujitungia anwani, na L, inayosema anwani za kiambishi hiki zinafikika moja kwa moja kwenye kiungo hiki. Kila alama inashughulikiwa peke yake. A ikigonga mwamba, L inaendelea na kazi. Ndiyo maana `ip -6 route` inakuonyesha 2001:db8:1:1::/120 kwenye eth0 pamoja na njia ya kutokea kupitia fe80 ya ruta, na mtu anakwenda kupekua faiawoli siku nzima bure. Kiini cha Linux kina ujumbe wa `prefix with wrong length 120`, lakini huandikwa kwenye ngazi ya utatuzi, hivyo kwa kawaida hutauona.

Sehemu inayohusika iwe hivi:

```
interface eth0 {
  AdvSendAdvert on;
  prefix 2001:db8:1:1::/64 {
    AdvOnLink on;
    AdvAutonomous on;
  };
};
```

Anzisha upya radvd, kisha kwenye kompyuta yoyote endesha `rdisc6 eth0` uhakikishe inayotangazwa ni /64, na `ip -6 addr show dev eth0 scope global` uone kama anwani imeingia.

Usiishie hapo. Angalia anwani ya ruta yenyewe kwenye eth0. Ikiwa imebaki na /120, kompyuta zitapata anwani na pakiti zitatoka, ila majibu hayatarudi. Ruta itaona kwamba 2001:db8:1:1:9c4e:... haimo ndani ya zile anwani 256 inazozijua, itairudisha pakiti kwa mtoa huduma, naye ataituma tena kwako, hadi idadi ya hatua za pakiti iishe. Dalili yake kwenye traceroute kutoka nje ni ruta mbili zinazopokezana. Badilisha anwani ya ruta nayo iwe ya /64.

Kuhusu israfu: katika IPv6 huhesabu anwani, unahesabu subneti. Fungu la 2000::/3 lina /48 zaidi ya trilioni 35, na kila /48 ina subneti 65,536 za /64. Vifaa 60 ndani ya /64 au vifaa 6,000 ndani yake, matumizi ni yale yale: subneti moja.

Swali: Nani aliamua iwe 64? Anwani ya MAC, ile ya kadi ya mtandao yenyewe, ina biti 48. Si ingetosha?

Jibu: Ilikuwa 48. RFC 1972 ya Agosti 1996 iliweka kiambishi cha biti 80 kwenye Etheneti, na biti 48 zilizobaki zikawa MAC yenyewe bila kuguswa. Mwaka 1998, kwa RFC 2373, mpaka ukasogezwa katikati. IEEE, shirika la viwango vya vifaa, tayari ilikuwa na mfumo wa vitambulisho vya EUI-64, vyenye biti 64, na kulikuwa na viungo kama FireWire ambavyo anwani zake zina biti 64. Pia kulikuwa na pendekezo la Mike O'Dell lililoitwa 8+8, la kuigawa anwani baiti nane za mahali na baiti nane za utambulisho. Pendekezo lenyewe halikupita. Mstari wa katikati ulibaki.

Leo RFC 4291 inataka biti 64 kwa anwani zote za mpokeaji mmoja isipokuwa zinazoanza na biti 000. Kila baada ya muda huzuka mjadala wa kuulegeza mpaka huo. RFC 7421 ya mwaka 2015 ilichambua nini kingevunjika, na orodha si fupi: programu za vifaa, vifaa vya mtandao, na mbinu za usalama zilizojengwa juu ya 64. Kwa msimamizi wa mtandao jibu ni jepesi: panapotumika SLAAC, urefu si wako kuuchagua. Unachochagua ni namna biti hizo 64 zinavyotungwa, na mahali ambapo SLAAC haitumiki kabisa.

Swali: Mimi ni mwanafunzi. Naandika programu ya majaribio inayotunga vitambulisho kwa RFC 7217, njia ya vitambulisho vinavyotulia lakini visivyotabirika, na nataka kujaribu urefu wa biti 16 na 32 kwenye kiungo changu cha maabara. Kuna ubaya gani wa kihesabu?

Jibu: RFC 7217 haina ugomvi na urefu. Unachanganya kiambishi, jina la kiolesura, kitambulisho cha mtandao ukipenda, kihesabu cha migongano na ufunguo wa siri, unavipitisha kwenye fomula kama SHA-256, kisha unachukua biti za mwisho, nyingi kadiri unavyohitaji. Ufunguo usipungue biti 128. Ubaya unakuja kwenye migongano.

Anza kwa kuhesabu anwani, wala si vifaa. Kifaa kinachofuata RFC 8981, waraka wa anwani za muda, kwa kawaida huwa na anwani moja ya kudumu na mbili za muda kwa kila kiambishi, maana ya muda hupendelewa siku 1 na hubaki halali siku 2. Vifaa 100 ni anwani 300. Jozi zinazowezekana ni 300 × 299 ÷ 2, yaani 44,850. Gawanya kwa idadi ya vitambulisho. Kwa biti 16 unagawanya kwa 65,536, unapata takriban 0.68, na hiyo ni sawa na uwezekano wa karibu asilimia 50 kwamba angalau anwani mbili zitafanana. Kwa biti 32 ni kama mara 1 katika 96,000. Kwa biti 64 hakuna haja ya kuandika sufuri zote.

Halafu anwani za muda hubadilika kila siku. Kwenye biti 16, kila siku unaingiza anwani mpya 100 kati ya 300 zilizopo, hivyo tarajia mgongano mpya kila siku mbili tatu. Ukaguzi wa anwani rudufu, DAD kwa kifupi, utainasa mingi: kifaa hutuma ombi moja, husubiri sekunde 1, asipojibu mtu kinaitwaa anwani. Lakini kwenye Wi-Fi ombi hilo hutumwa kwa wengi bila kuthibitishwa, na simu iliyolala hukosa kulisikia. Ukimya unachukuliwa kuwa ruhusa. Kwenye maabara ya waya utaona namba nzuri kuliko hali halisi, kwa hiyo pima pia kwenye Wi-Fi.

La pili ni upekuzi. Anwani 65,536 kwa kasi ya majaribio 1,000 kwa sekunde zinamalizwa kwa sekunde 66. Biti 64, hata kwa majaribio milioni 1 kwa sekunde, ni zaidi ya miaka 584,000. Ila hesabu hiyo ni ya biti zisizotabirika. Chukua MAC 00:1a:2b:3c:4d:5e na uitie kwenye njia ya zamani ya EUI-64: ikate katikati, chomeka ff:fe, kisha geuza biti ya pili kutoka kulia katika baiti ya kwanza ili 00 iwe 02. Unapata 021a:2bff:fe3c:4d5e. Anayekutafuta akijua mtengenezaji wa kadi, biti 24 za kwanza ameshazijua, na ff:fe haibadiliki. Zimebaki 24, yaani anwani 16,777,216. Kwa majaribio 1,000 kwa sekunde anamaliza kwa saa 4 na dakika 40. Kwenye karatasi ni biti 64, kumbe kinachofichika ni 24 tu. Ndiyo sababu RFC 8064 ya mwaka 2017 ilishauri njia ya RFC 7217 iwe ya kawaida badala ya MAC. Katika NetworkManager, programu ya kusimamia mitandao kwenye Linux, amri ni:

```
nmcli connection modify LAN ipv6.addr-gen-mode stable-privacy
```

Swali: Nimenakili mashine pepe 12 kutoka kiolezo kimoja. Kila moja ina MAC yake, lakini zinapowashwa anwani zao za IPv6 hubadilishana: iliyokuwa ya mashine ya tatu leo inaonekana kwenye ya saba. Nilidhani stable-privacy maana yake ni kutulia.

Jibu: Inatulia ufunguo wa siri ukiwa wa mashine moja. Ulinakili na siri. NetworkManager hutumia jina la kiolesura, si MAC, pamoja na siri iliyomo `/var/lib/NetworkManager/secret_key` na utambulisho wa `/etc/machine-id`. Mashine zako 12 zina vyote hivyo sawasawa, kwa hiyo zote zinatunga kitambulisho kile kile. Inayowaka kwanza inakishika. Zinazofuata zinagundua kimechukuliwa, zinaongeza kihesabu na kujaribu tena, na RFC 7217 inapendekeza majaribio 3. Mpangilio wa kuwaka ukibadilika, anwani zinahama, na baadhi ya mashine zinaweza kukosa kabisa.

Kwenye kiolezo, kabla ya kukifunga: futa faili la secret_key, na `/etc/machine-id` usilifute bali liache tupu, kwa `truncate -s 0 /etc/machine-id`. Kila nakala itajitengenezea vyake ikiwaka mara ya kwanza. Kwa zilizopo, fanya hivyo hivyo kisha ziwashe upya moja moja.

Swali: Mtoa huduma amenipa /64 moja. Nina mtandao wa wafanyakazi na wa wageni, nikaigawa iwe /65 mbili. Hakuna kifaa kinachopata anwani upande wowote.

Jibu: 65 + 64 = 129. Biti moja tu imezidi na inatosha kuharibu kila kitu, kama kwa mwenzako wa kwanza.

Kabla ya ujanja wowote, hakikisha kweli umepewa moja. Ruta nyingi haziombi ukubwa, nazo hupewa kidogo kuliko zinachoweza kupata. Kwenye OpenWrt, mfumo wa uendeshaji wa ruta, ndani ya `/etc/config/network`, weka `option reqprefix '56'` chini ya wan6 na `option ip6assign '64'` kwa kila mtandao wa ndani, kisha anzisha upya kiolesura. Ukipata /60 una subneti 16, /56 ni 256. Pia usichanganye /64 unayoiona kwenye upande wa nje wa ruta na ile uliyokabidhiwa kwa DHCPv6, huduma ya kugawa anwani, uitumie ndani. Ya kwanza ni ya kiungo chako na mtoa huduma, si yako kuigawa. RFC 6177 ya mwaka 2011 inataka mteja apate kwa urahisi zaidi ya subneti moja, hivyo kuomba si kujidai.

Akikataa, na hiyo /64 imekabidhiwa kwako kweli, kuna njia tatu, na hatuzipendi kwa usawa.

Rahisi ni kuunganisha mitandao yote miwili kwenye kiungo kimoja na kuzuia wageni wasionane na wengine kwenye kituo cha Wi-Fi na kwenye swichi. Unabaki na SLAAC, unapoteza utenganisho wa kweli.

Ya pili ni kuwaachia wageni /64 nzima kwa SLAAC na kuwakatia wafanyakazi /80 kutoka humo humo kwa DHCPv6. Kwa upande wa wafanyakazi tangaza kiambishi hicho cha /80 kikiwa na A imezimwa na L imewashwa, na kwenye tangazo lenyewe washa M, alama inayoviambia vifaa viombe anwani kwa DHCPv6. DHCPv6 haijali mpaka wa 64, kwani hutoa anwani kamili. Ruta itapeleka pakiti kwa njia iliyo mahususi zaidi, hivyo /80 inashinda. Mgeni akitunga anwani inayoangukia ndani ya /80, majibu yake yatakwenda upande usio wake, lakini hiyo ni bahati mbaya ya 1 katika 65,536 kwa kila anwani. Wageni watadhani wafanyakazi wako kiungo kimoja nao na hawatawafikia, jambo ambalo bila shaka ndilo unalolitaka. Kasoro kubwa iko kwingine: simu za Android hazichukui anwani kutoka DHCPv6, kwa hiyo upande wa wafanyakazi simu hizo zitabaki na IPv4. Mitandao miwili yote ikiwa na simu, njia hii haikufai.

Ya tatu ni anwani za ndani za fd00::/8 kwa kila mtandao na kutafsiri anwani kwenye ruta. Inafanya kazi, nawe umejirudishia matatizo yote ya tafsiri ya IPv4. Iwe ya mwisho.

Swali: Viungo kati ya ruta na ruta: /64, /126 au /127?

Jibu: /127. Hapo hakuna SLAAC, anwani unaziandika kwa mkono, kwa hiyo kanuni ya 64 haikubani, na RFC 6164 ya mwaka 2011 imeruhusu /127 waziwazi. Ukiweka /64 kwenye kiungo chenye ruta mbili, mtu wa nje anaweza kutuma pakiti kwa anwani zisizokuwepo, moja baada ya nyingine, na ruta itaanza kumtafuta jirani kwa kila moja hadi kache ya majirani ijae na majirani halali wakose nafasi. Kwenye kiungo kisichotumia ugunduzi wa majirani, pakiti kama hizo zinaweza kurushwa huku na huko kati ya ruta mbili.

Katika daftari la mipango tenga /64 nzima kwa kila kiungo, kwenye ruta andika /127 kutoka ndani yake. Siku ukihitaji kubadilisha hutapanga upya namba.

Swali: Na kwa seva, /120 yenye anwani za mkono ina ubaya?

Jibu: Inafanya kazi. Jua tu kwamba RFC 2526 imehifadhi anwani 128 za juu kabisa za kila subneti. Kwenye /120 hiyo ni nusu ya anwani zako, kwenye /121 ni zote. Mifumo mingi haikuzuii kuzitumia, lakini ukiwa huru kuchagua chukua /112: mpaka wake unaangukia kwenye nukta mbili za maandishi, na kanda za DNS za kurudi nyuma, zinazokatwa kila biti 4, zinakaa vizuri.

Swali: Vihisi vyangu vya 802.15.4, redio ya nishati ndogo, vina anwani fupi za biti 16. Kitambulisho nacho kitakuwa 16?

Jibu: Hapana. RFC 6282 inaijaza hadi 64: anwani fupi ya 0x4a21 inakuwa 0000:00ff:fe00:4a21. Biti 48 za juu zinajulikana, hivyo hazirushwi hewani. Upande wa pili unazirejesha wakati wa kukunjua kichwa cha pakiti.

Swali: Nataka seva ipate kiambishi kwa SLAAC, ili mtoa huduma akikibadilisha nisihangaike, lakini mwisho wa anwani uwe ule ule niliouchagua.

Jibu: Hiyo ndiyo kazi ya tokeni. Kwenye Linux:

```
ip token set ::53 dev eth0
```

Tangazo lijalo litakupa 2001:db8:1:1::53. Amri hii inapotea seva ikizimwa, kwa hiyo kwenye systemd-networkd andika `Token=::53` chini ya `[IPv6AcceptRA]`. Kwenye NetworkManager weka `ipv6.addr-gen-mode eui64` pamoja na `ipv6.token ::53`, kwani tokeni haikubaliki ikiwa imeachwa stable-privacy. Zima anwani za muda kwa `net.ipv6.conf.eth0.use_tempaddr=0`, la sivyo seva itapokea kwa ::53 na kuanzisha mazungumzo yake kwa anwani nyingine, na faiawoli za upande wa pili zitamkataa mgeni zisiyemjua. Tokeni iishie ndani ya biti 64 za chini, na epuka ::0 pamoja na fdff:ffff:ffff:ff80 hadi fdff:ffff:ffff:ffff.

::53 inafaa kwa seva ya DNS ya umma, ambayo anwani yake imetangazwa hata hivyo. Kwa hifadhidata ya ndani usichague ::1, ::80 wala namba ya mlango wa huduma, kwa kuwa wapekuzi huanza na hizo. `openssl rand -hex 8` itakupa biti 64 za kubahatisha. Ziandike kwenye DNS na usihangaike kuzikariri.